Paa Lisiloungua Lina Vumbi Baya

Sisi wa Ujiji tunajua paa la nyasi linavyoungua. Asbesto haiungui, ndiyo maana zamani ilisifiwa ikaezekwa majengo mengi nchini.

Leo fundi anapanda kupitisha bomba la kuzimia moto. Anatoboa tu, vumbi linamwangukia. Nyuzi zake, nyingine hazionekani kwa macho, huingia mapafuni zikakaa. Saratani yaweza kuzuka baada ya miaka 20 au 40, kazi yenyewe imeshasahaulika!

Kitambaa puani hakitoshi. Tusitoboe; tuwaachie waliofundishwa. Vumbi lililoanguka lilowanishwe, lisifagiliwe kavu. Nguo za kazi tusimpelekee mama azikung'ute nyumbani. Wala tusilikanyage paa hilo, huvunjika ghafla.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Basi kabla ya kupanda tumwulize: limeezekwa kwa kitu gani?