Mtoto Yuko Chuo, Karo Iko Kwa Simu: Soma Hii Kabla Hujatuma

Ukishuka kwa steji ya Embulbul jioni, wakati matatu za 111 zinarudisha watu kutoka tao, utakuta akina mama wamepanga sukuma, nyanya na vitunguu kando ya barabara. Mmoja wao ni mama yangu. Amenisomesha hadi chuo kikuu kwa hiyo meza, na karibu kila shilingi ya karo ilipitia kwa simu yake. Kwa hivyo haya ninayokuandikia leo mengi sikuyasoma mahali. Mengine niliyafanya mimi mwenyewe, na sijivunii.

Kama mtoto wako ameitwa chuo, au yuko huko tayari, tenga dakika chache. Kwa familia nyingi, karo ndiyo pesa kubwa zaidi wanayowahi kutuma kwa simu kwa mpigo mmoja. Ikipotea njia, semesta inaweza kwenda nayo.

Shilingi 13,500

Nilikuwa mwaka wa pili. Mama alipokea zamu yake ya chama, akaongezea ya mboga, akanitumia 38,500 kwa simu yangu nimalize karo ya semesta. Nililipa 25,000. Zile 13,500 zilizobaki nilijiambia nitazirudisha kabla ya mtihani. Elfu tisa niliziweka pamoja na za mwenzangu wa chumbani, tukaenda Gikomba kuchukua viatu vya mitumba tuwauzie makomredi hosteli. Hizo 4,500 zingine hata leo siwezi kukuambia zilienda wapi. Chakula, bando, nauli, ndiyo hivyo.

Viatu havikutoka. Wiki moja kabla ya mtihani, tovuti ya chuo ilinionyesha deni la 13,500, na bila kumaliza deni hakuna kadi ya mtihani. Nilinyamaza. Nilipompigia Mama, nilikuwa nimeshakosa mitihani miwili.

Hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Kwani mbona hukuniambia mapema?" Akakopa kwa chama, akalipa, na ile mitihani miwili nikaifanya mwaka uliofuata. Halafu akaniambia nimsomee nambari yangu ya usajili, polepole. Akaiandika nyuma ya daftari lake la madeni ya mboga. Kutoka siku hiyo hakunitumia karo tena. Alilipa chuo mwenyewe.

Hiyo nambari kwa daftari ndiyo somo la leo. Karo iende chuoni moja kwa moja, kwa nambari ya mwanafunzi, na wewe mzazi ubaki na ushahidi.

Shule ya upili ilikuwa inakuita, chuo hakikuiti

Mtoto akiwa shule ya upili, ulikuwa unapata ripoti kila muhula. Akikosa karo, anarudishwa nyumbani na unamwona mlangoni. Akikosea, mwalimu mkuu anakuita.

Chuo kikuu si hivyo. Mtoto akishafika miaka 18 ni mtu mzima, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki juu ya taarifa zake, zikiwemo alama zake. Usishangae ukipiga simu chuoni uambiwe uzungumze na mtoto mwenyewe. Hawakudharau. Ndivyo sheria inavyosema.

Kwa hivyo habari za chuo utazipata kwa mtoto wako, na kuna karatasi moja unayoweza kumwomba bila kuonekana unamchunguza: stetimenti ya karo. Huwa iko kwa tovuti ya wanafunzi ya chuo, na inaonyesha amedaiwa kiasi gani, nani amelipa nini, na salio. Alama za mtihani hazimo, kwa hivyo mtoto hana sababu ya kukuficha.

Kubalianeni muiangalie pamoja mara mbili kwa semesta: wiki ya tatu baada ya kufungua, na mwezi mmoja kabla ya mtihani. Hata picha ya skrini kwa WhatsApp inatosha. Mama yangu angekuwa ameona ile 13,500 mwezi mmoja kabla ya mtihani, bado kungekuwa na wakati wa kujipanga.

Sehemu yako ni ngapi?

Wazazi wengi huambiwa "serikali inalipa" kisha deni linatokea katikati ya mwaka. Mfumo wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023 hugawanya gharama ya masomo kwa watu watatu: serikali kwa ufadhili usiorudishwa, HELB kwa mkopo, na familia. Wanafunzi huwekwa kwa makundi matano kulingana na uwezo wa nyumbani. Katika makundi hayo, familia yenye uwezo mdogo zaidi iliwekewa asilimia 5 na ile ya kundi la tano asilimia 40.

Mfumo huu umepingwa sana, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema unakiuka katiba, kisha suala likaendelea katika Mahakama ya Rufaa. Kwa hivyo usitegemee hesabu ya jirani aliyesomesha miaka mitatu iliyopita. Mwambie mtoto akuonyeshe barua yake ya ufadhili na orodha ya karo ya kozi yake, mwaka huu.

Mambo matatu ya kukumbuka:

1. Ufadhili wa serikali na mkopo wa karo hutumwa chuoni. Pesa ya HELB ya matumizi ndiyo humfikia mwanafunzi.
2. HELB ni mkopo. Riba yake kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, na mtoto ataulipa akimaliza. Muulize anajua amekopa ngapi.
3. Pesa hizi huombwa, haziji zenyewe. Kila mwaka muulize: "Umeshaomba ya mwaka huu?"

Kulipa karo hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza, pata nambari ya paybill kutoka kwa barua ya kujiunga au tovuti rasmi ya chuo. Usiichukue kwa kundi la WhatsApp la wazazi, hata kama aliyeituma ni rafiki yako. Naye pengine ametumiwa tu.

Hatua ya pili, uliza sehemu ya akaunti huandikwa nini. Vyuo vingi hutumia nambari ya usajili ya mwanafunzi, lakini vingine hutaka ianze na nambari nyingine ya benki. Baadhi hupokea kupitia eCitizen, ambayo paybill yake ni 222222, na hapo mtoto hutoa bili kwanza. Iandike kama ilivyo, pamoja na mikwaju na nukta zake. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa sababu ukikosea tarakimu moja unaweza kumlipia mtoto wa wenyewe.

Hatua ya tatu, kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea kwa skrini. Linapaswa kuwa la chuo, la benki yake au la eCitizen. Ukiona jina la mtu binafsi, simama hapo hapo. Chuo hakipokei karo kwa nambari ya mtu.

Hatua ya nne, usifute meseji ya uthibitisho. Zile herufi na tarakimu za mwanzo ndizo kitambulisho cha malipo yako. Ziandike kwa daftari pamoja na tarehe. Mtumie mtoto meseji hiyo, na umwambie aangalie stetimenti yake baada ya siku mbili za kazi. Kama pesa haijaonekana, aende ofisi ya fedha ya chuo na kitambulisho hicho. Karo ikiwa imeingia kwa nambari ya mwanafunzi mwingine, ofisi hiyo ndiyo inayoweza kuihamisha.

Na usiogope kiasi. Tangu Agosti 2023, kiwango cha juu cha muamala mmoja kwa simu kimekuwa 250,000, kutoka 150,000. Karo ya semesta katika vyuo vingi inaweza kuingia kwa mpigo mmoja, bila kumtumia mtoto kwanza na kulipia ada mara mbili.

Pesa ya matumizi ni kitu kingine

Hii ndiyo mtumie kwa simu yake. Lakini usimtumie ya semesta nzima siku moja. Nakuambia kama mtu aliyewahi kuipokea: wiki mbili za kwanza unakula kuku, wiki ya tano unakunywa chai ya rangi na kukopa kwa simu.

Kaeni chini mpige hesabu ya wiki: chakula, nauli, bando, kuchapisha kazi za darasa. Mkikubaliana 1,200 kwa wiki, chagueni siku moja, tuseme Jumapili jioni, iwe ni hiyo kila wakati. Mtoto akijua Jumapili inakuja, hatakopa Alhamisi. Nawe ukijua Jumapili inakuja, utatenga mia mbili kila siku ya mauzo badala ya kukimbizana na elfu tano mwisho wa mwezi.

Kodi ya chumba nje ya chuo pia ilipwe kwa mwenye nyumba au ajenti moja kwa moja, baada ya mtoto kufika na kukiona chumba kwa macho. Usilipe dipositi ya picha.

Simu ya saa nne usiku

Nilipokuwa mwaka wa tatu, Mama alipigiwa simu usiku na mtu aliyejiita daktari. Akasema nimegongwa na gari, niko chumba cha upasuaji, wanataka 20,000 sasa hivi. Alijua jina langu, alijua na chuo changu. Simu yangu ilikuwa imezimika, chaji imeisha.

Mama aliniambia baadaye kwamba mikono ilikuwa inatetemeka na alikuwa ameshafungua menyu ya kutuma. Kilichomshika ni lile daftari. Chini ya nambari yangu ya usajili tulikuwa tumeandika nambari ya mwenzangu wa chumbani. Akampigia. Mwenzangu akanipa simu, nikiwa kitandani nimelala.

Wakora hawa hutegemea hofu na haraka. Jiwekee kanuni hizi leo, kabla hujapigiwa:

- Andika nambari mbili za watu walio karibu na mtoto: mwenzake wa chumbani na ofisi ya usalama au ya wanafunzi chuoni.
- Kubalianeni swali moja la siri ambalo mtoto wako tu ndiye anajua jibu. Jina la mbwa mliyekuwa naye zamani linatosha.
- Ukiambiwa "usikate simu", kata. Piga wewe mwenyewe kwa nambari zako.
- Anayekuahidi kuharakisha HELB, kubadilisha kozi au kupata chumba cha hosteli kwa "ada kidogo" anakuibia. Usimpe PIN wala kitambulisho cha mtoto.

Kama umeshatuma, piga simu kwa huduma kwa wateja mara moja uombe pesa izuiliwe. Kila dakika ina maana, kwa sababu mkora huitoa haraka. Halafu ripoti kituo cha polisi, au kwa DCI kupitia nambari ya bure 0800 722 203.

Na pesa ikikosekana kabisa?

Itatokea. Mvua itanyesha, soko litalala, mtu ataugua nyumbani. Jambo baya zaidi ni kunyamaza, iwe ni wewe au mtoto.

Mwambie mtoto aende mapema kwa ofisi ya maslahi ya wanafunzi, ile wao huita "kwa Dean". Hapo ndipo huulizia kazi ndogo za chuo zinazolipa, kulipa karo kwa awamu, ushauri nasaha, au kuahirisha semesta kwa njia rasmi. Kuahirisha kwa barua kunalinda nafasi yake. Kupotea bila barua kunaleta shida.

Huku nyumbani, ulizia basari ya NG-CDF, ambayo kwetu Embulbul ni ya eneo bunge la Kajiado Kaskazini, na ile ya kaunti. Fomu huwa na muda wake na hutaka nambari ya usajili na orodha ya karo, vitu ambavyo sasa unavyo kwa daftari. Basari hulipwa kwa jina la chuo. Basi baada ya kutoka, hakikisheni imeonekana kwa stetimenti.

Lile daftari la Mama bado liko kwa meza ya mboga. Mdogo wangu ameanza chuo, na nambari yake ya usajili iko chini ya yangu. Jana alimwambia, wateja wakisikia: "Hii ya matumizi nakutumia Jumapili. Ya karo tutaonana na chuo."

Leo jioni, kabla hujalala, mpigie mtoto wako. Mwambie akusomee nambari yake ya usajili, polepole. Iandike.