Je, Wajua? Mto Unaorudi Nyumbani kwa Waya

Mto Ruvubu hupita pande za Gitega na Muyinga, nchini Burundi, kisha humwaga maji yake katika mto Kagera. Nguvu ya maji hayo hurudi Muyinga na Gitega ikiwa umeme!

Kazi hiyo hufanyika kwenye Maporomoko ya Rusumo ya mto Kagera, mpakani mwa Rwanda na Tanzania. Ukuta huzuia mto. Maji huingia kwenye handaki, hushuka kwa kishindo na kuzungusha mitambo 3 mikubwa, kama upepo uzungushavyo kititia. Mitambo huzungusha jenereta, na hapo umeme huzaliwa: megawati 80. Burundi, Rwanda na Tanzania hugawana sawa kwa sawa, kama ndugu kwenye sinia moja.

Mitambo haimezi tone hata moja. Maji hutoka yaleyale, yakaenda Ziwa Victoria, kisha mto Nile, hadi bahari ya Mediterania. Safari ndefu ajabu!

Rusumo haina ziwa kubwa la akiba. Hutumia mto unavyokuja. Lakini kituo cha umeme cha Rwegura, kaskazini-magharibi mwa Burundi, kina bwawa. Lenyewe ni kama mtungi: mvua hulijaza, na kiangazi maji hufunguliwa kidogo kidogo.