Hazina ya Topeni

Mtafiti kijana anayefika Gazi, katika kaunti ya Kwale, hujifunza kwanza kuyafuata maji. Yakijaa, hakuna kazi. Yakipwa, ana saa chache za kuingia mikokoni, kuzungushia kamba eneo la mita 10 kwa 10 na kupima unene wa kila mti. Miti mingi hupimwa kwenye kimo cha mita 1.3. Mkoko wenyewe una ukaidi wake: husimama juu ya mizizi iliyopindana, kwa hiyo tepu hupitishwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa.

Kutokana na unene hukadiriwa uzito. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Zidisha kwa 3.67 upate hewa ya ukaa ambayo mti umeivuta.

Lakini sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko haimo mtini, imo topeni. Mtafiti hudidimiza bomba la chuma mita moja au zaidi, akatoa tope jeusi linalonuka kama yai viza. Harufu hiyo ni habari njema: huko chini hakuna oksijeni, majani na mizizi huoza polepole mno, na kaboni hukaa kwa karne nyingi. Maabara hulikausha tope, hulipima, hulichoma, kisha hulipima tena. Kilichopungua ndicho kilichotokana na viumbe hai.

Ndiyo maana sichangamkii picha za waheshimiwa wakichomeka miche ufukweni. Kila aina ya mikoko ina mahali pake: mlilana hupenda upande wa bahari, mkoko huufuata nyuma, mkandaa na mchu husogea upande wa nchi kavu. Mche uliowekwa mahali panapofunikwa na maji muda mrefu mno hufa. Na mti wa zamani ukikatwa, tope lake likapata hewa, mche hauwezi kulipa deni hilo upesi.

Tangu 2013, mradi wa Mikoko Pamoja umewawezesha wanavijiji wa Gazi na Makongeni kuuza kaboni ya hekta 117 za mikoko, takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, na fedha zimeingia kwenye maji na shule. Hapo mtafiti hukutana na swali ambalo tepu haiwezi kulijibu: mikoko isipokatwa, boriti za kujengea zitatoka wapi? Watu wakihamia msitu wa jirani na mapanga yao, hesabu yote ni bure. Kwa hiyo mradi ukapanda pia mivinje, nchi kavu, ikatwe badala ya mikoko.