Sababu Nyuma ya Ushauri wa Nepi

Ushauri wowote kuhusu ufuaji wa nepi za kitambaa ni, kwa hakika, ushauri kuhusu maji, sabuni, moto na jua la mahali fulani, na ndiyo maana maelekezo yaliyo sahihi kabisa London yanaweza kumpotosha mzazi wa Kisumu pasipo aliyeyaandika kuwa na nia mbaya. Mzazi wa Nyalenda au Mbita anayetaka kuachana na pampasi husikia sauti nyingi zisizopatana: ya muuzaji wa nepi za vifungo, ya nyanya aliyelea watoto wake wote kwa nepi za taulo, ya mhudumu wa afya wa jamii anayepita nyumba kwa nyumba, na ya maandishi ya kigeni yanayosomwa kwenye simu. Cheo cha mshauri hakitoshi kuwa kipimo. Linalofaa kuchunguzwa ni sababu anayoitoa, kwa kuwa sababu ikishajulikana mzazi anaweza kuangalia kama inatimia uani kwake.

Mfano mwepesi ni ugumu wa maji. Maji magumu ni yale yaliyobeba chumvi nyingi za kalsiamu na magnesiamu, ambazo huigandisha sabuni isitoe povu, na kwa kuwa maji ya London ni ya aina hiyo, waandishi wa huko husisitiza kuongeza kipimo cha sabuni. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, hivyo anayefuata kipimo hicho kwa maji yanayosukumwa kutoka ziwani huko Dunga hubaki na sabuni iliyonasa katika nyuzi, ambayo humwasha mtoto na kuifanya nepi isinyonye mkojo ipasavyo. Hata hesabu za mazingira zina kwao. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulikadiria mwaka 2008 kwamba mtoto wa nepi za kutupa husababisha gesijoto za takriban kilo 550 katika miaka miwili na nusu, na wa nepi za kitambaa kilo 570, lakini sehemu kubwa ya hizo za pili ilitokana na umeme wa mashine za kufulia na kukaushia, ambazo hazina nafasi katika nyumba inayofua kwa mkono na kuanika kambani.

Jambo zito zaidi ni vijidudu. Utafiti wa kimataifa kuhusu kuhara kwa watoto, uliofanyika katika nchi saba za Afrika na Asia, upande wa Kenya ukifanyikia eneo la Siaya, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2013, ulivitaja virusi vya rota na kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu miongoni mwa visababishi vikuu. Kriptosporidiamu hujifunika ganda gumu linalostahimili klorini, kwa hiyo anayeshauri kwamba kumimina Jik, dawa yenye klorini, kunatosha anasema kweli kuhusu bakteria wengi na kukosea kuhusu adui huyu, ambaye hufa kwa maji ya moto sana na kwa ukavu kamili. Isitoshe, Jik ikimiminwa katika ndoo ya nepi zilizolala na mkojo hukutana na amonia na kutoa mvuke unaochoma macho na mapafu; nepi huondolewa kwanza kinyesi, husuuzwa, na ndipo dawa hufikiriwa. Kinyesi chenyewe, na maji ya kwanza ya kusuuzia, huenda chooni, kwa maana dhana kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara haina msingi.

Kwa wakazi wa ufukweni, katazo la kufulia nepi ziwani lina sababu mbili zilizo tofauti. Anayesimama majini huweza kuingiwa na kichocho kupitia ngozi, na kinyesi cha mtoto ambaye tayari ameambukizwa hupeleka mayai ya kichocho cha tumbo kwa konokono wanaoendeleza mzunguko huo.

Kuhusu pasi, nyanya anayesisitiza kwamba nepi zipigwe pasi hustahili heshima zaidi ya anayopewa. Yuko nzi, Cordylobia anthropophaga kwa jina la kitaalamu, anayepatikana katika sehemu nyingi zenye joto za Afrika Mashariki, ambaye hutaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini au kutandazwa chini, na mabuu yake huingia katika ngozi ya mvaaji na kuleta uvimbe kama jipu. Pasi ya moto huyaua, hata kama anayeipiga anaamini kwamba anatoa baridi tu. Muuzaji anayeonya dhidi ya pasi naye hadanganyi, kwa kuwa nepi zake zina utando wa plastiki usiovumilia moto. Kila mmoja anaongea juu ya kitambaa chake. Nepi za namna hiyo huanikwa kambani juani tangu asubuhi, kabla ya mvua za alasiri ambazo ziwa huzileta mara kwa mara.

Lipo onyo moja ambalo wauzaji hawalitaji na ambalo nepi za kurithi hulifanya kuwa la lazima. Vidonge vya nafthalini, vinavyowekwa sandukuni kufukuza nondo na mende, hutoa mvuke unaoingia mwilini mwa mtoto kupitia nguo, na kwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, mvuke huo huzivunja chembe hizo na kuleta manjano kali inayoweza kudhuru ubongo. Upungufu huo ni wa kurithi, huwapata zaidi wavulana, na umeenea katika maeneo yaliyotawaliwa na malaria, Nyanza ikiwemo. Mtoto mchanga ambaye macho au nyayo zake zimegeuka manjano hupelekwa hospitali siku hiyohiyo, na anayempeleka hutakiwa kuvitaja vidonge hivyo hata asipoulizwa, kwani daktari anayeiona manjano peke yake hawezi kujua kilichokuwa sandukuni.