Mkimbiaji wa Shelui, Iache Lami

Ukitaka kuanza mazoezi ya kukimbia Shelui, kitu cha kwanza kukuita ni lami. Imenyooka, haina matope, na ukiitazama unaona kabisa pa kwenda na pa kugeuzia. Lakini hii ndiyo barabara kuu itokayo Singida kwenda Igunga na Nzega. Inabeba mabasi ya Mwanza na malori ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo, nayo yanatembea hata kabla ya kupambazuka. Dereva anayeshuka kutoka uwanda wa juu wa Iramba ndiyo kwanza amemaliza kona za mlima Sekenke, breki bado za moto, na sasa ameona tambarare. Anayetoka Igunga anakusanya kasi ya kuupandia huo mlima. Katikati ya hao wawili ndipo mwenzetu anapokimbia gizani, amevaa fulana nyeusi na spika za simu masikioni. Nawaomba sana watu wa Shelui waache jambo hili. Si kwamba wakae nyumbani. Njia nzuri kuliko hiyo wanazo, tena ziko nyuma ya nyumba zao.

Hamu ya kukimbia ipo, na sababu yake inajulikana. Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa huu wa Singida, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, na kilichowatenganisha kwenye utepe ni sekunde 0.03. Tanzania haikuwa imewahi kupata medali ya dhahabu katika mashindano hayo. Miaka minane kabla, London mwaka 2017, Simbu alikuwa amechukua shaba. Mtoto wa Iramba akisikia habari hiyo hahitaji kuelezwa kwamba hewa na ardhi ya Singida vinaweza kutoa bingwa. Anachohitaji ni pa kukimbilia pasipomuua.

Tuanze na upande wa magharibi, unakoanzia uwanda wa Wembere. Ukishaziacha nyumba za mwisho unakutana na njia za ng'ombe, pana na zilizoshindiliwa na kwato miaka mingi, zinapita kati ya mashamba ya pamba, mtama na alizeti, na kwingine kando ya majaruba ya mpunga. Hakuna mwinuko wa kukukata pumzi, kwa hiyo ni mahali pa mwanafunzi wa mbio: mtu anayejifunza kwenda mwendo mmoja, pole pole, akiwa bado anaweza kuzungumza na mwenzake. Ila mbuga ina masharti yake. Masika udongo wake mweusi hunata hadi kiatu kikawa kizito kama tofali, na siku hizo usijisumbue. Subiri jua likaushe au tafuta udongo wa kichanga. Kiangazi kikikolea udongo huohuo hupasuka, na nyufa zake zinatosha kuuteka mguu na kuuvunja kifundo. Ndiyo maana nasisitiza ufuate mapito ya mifugo na ya baiskeli, usikate katikati ya mbuga ati unafupisha.

Upepo nao una hesabu. Miezi ya Juni hadi Agosti huvuma sana kutoka mashariki. Aendaye magharibi anasukumwa mgongoni, anajiona hodari, kisha anarudi akipigana nao wakati miguu imeshachoka. Heri uanze kwa kuukabili, urudi ukisaidiwa.

Mashariki ni habari nyingine. Huko ndiko ukingo wa Bonde la Ufa unakoinuka ghafla hadi uwanda wa juu wa Iramba, kwenye njia panda ya Misigiri iendayo Kiomboi. Kwa vile mlima uko upande wa mawio, jua huchelewa kidogo kuifikia Shelui, na muda huo wa mwanga usio na joto ni zawadi kwa mkimbiaji. Vijia vya chini ya mlima vina mawe, mibuyu na vipandio vifupi vinavyojenga mapaja kuliko saa nzima ya tambarare. Panda ukikimbia, shuka ukitembea, hasa ukiwa mgeni wa mazoezi, maana mteremko ndio unaoumiza magoti.

Lakini huko kuna mashimo. Sekenke ni nchi ya dhahabu tangu enzi za Wajerumani. Dhahabu yake ndiyo waliyoitumia mwaka 1916 kule Tabora kutengeneza sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, vita vikiwa vimewazingira. Uchimbaji haukuishia hapo, na wachimbaji wadogo wapo mpaka leo. Duara, yaani shimo la mchimbaji, likiachwa halina uzio wala kibao, na nyasi za Machi hulifunika. Usiingie eneo hilo bila mwenyeji, na usiingie kabla hujaona vizuri unapokanyaga. Kusubiri mwanga kuna faida nyingine pia: fisi anakuwa amesharudi kwake.

Kuna jambo ambalo mtu wa mjini halifikirii. Kijijini mtu mzima hakimbii bila sababu. Akikimbia, ama kuna mgonjwa, ama mwizi wa ng'ombe, ama mwano, yaani yowe la kuita msaada, umepigwa na wanaume wanaitikia. Kwenye eneo walikochanganyika Wanyiramba, Wasukuma na Wataturu, ambako sungusungu wanajulikana vizuri, mgeni anayekatiza boma mbio alfajiri anajitafutia maswali. Dawa yake ni salamu. Punguza mwendo, mwamkie mzee kwa shikamoo, mwambie Msukuma mwangaluka, sema unafanya mazoezi. Baada ya siku chache watakuwa wanakuuliza mbona jana hukupita.

Kwa wanawake maswali huwa mengi zaidi, na hili linaniuma. Msichana aliyekimbia mchakamchaka shuleni kila asubuhi akiwa na wenzake, akimaliza shule anaambiwa kukimbia hakumfai. Njia ya kulivunja ni ileile ya mchakamchaka: waende kundi, watano au sita, wakiwa na mama mmoja anayeheshimika kijijini. Kundi halisemwi kama anavyosemwa mmoja, na ni salama zaidi.

Hizi njia zote zina adui mmoja, nalo ni jembe. Kila msimu shamba husogea hatua mbili, njia ya ng'ombe inakuwa kijia, kijia kinakuwa tuta la alizeti, na wafugaji na wakulima wanaanza kugombana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imewapa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi yao, njia za mifugo zikiwamo. Wanaokimbia wahudhurie mikutano hiyo wakae upande mmoja na wafugaji, wadai njia zipimwe, ziwekwe alama na kuandikwa kwenye mpango wa kijiji kabla ya mvua za Novemba, jembe likiwa bado limeegeshwa ukutani.