Aliyenusurika Risasi Asinyamazishwe

Habari za ujambazi wa kutumia silaha tumezizoea. Huelezwa kwamba watu wawili wameuawa, watano wamejeruhiwa na polisi wanaendelea na msako. Kisha tunahamia habari za michezo. Waliouawa huzikwa, majambazi husakwa, lakini wale watano hatuwasikii tena. Juma hili tuwazungumzie hao.

Sisi wa Simbo, Ujiji na mwambao mzima wa Ziwa Tanganyika hatuna haja ya kutafuta mifano mbali. Tangu Burundi ilipoingia vitani baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, na Kongo kuanzia mwaka 1996, mkoa wa Kigoma umepokea malaki ya wakimbizi. Wengi mno walikuja mikono mitupu, wakiikimbia bunduki. Lakini vita vilevile hutapanya silaha, na silaha haina uraia. Kwa miaka mingi mabasi ya Kasulu na Kibondo yalisindikizwa na askari wenye bunduki. Ziwani nako wavuvi wameporwa mashine za boti huku mtutu ukiwaelekea.

Kaskazini mwa ziwa hilihili, karibu na Bujumbura, ipo Gatumba. Usiku wa tarehe 13 Agosti, 2004, watu wenye bunduki, mabomu ya mkono na mapanga waliivamia kambi ya wakimbizi, wengi wao wakiwa Wabanyamulenge kutoka Kivu Kusini. Zaidi ya watu 150 waliuawa na zaidi ya 100 walijeruhiwa. Kundi la waasi wa Burundi, FNL, lilitangaza kuhusika.

Miongoni mwa walionusurika ni Sandra Uwiringiyimana, aliyekuwa na umri wa miaka 10. Mdogo wake wa kike aliuawa na mama yake akajeruhiwa. Mwaka 2007 familia hiyo ilipelekwa kuishi Rochester, Marekani. Huko walikuwa salama, lakini usalama wa mwili si utulivu wa moyo. Sandra na ndugu zake waliandaa maonyesho ya picha za walionusurika, watu wakaja kutazama na kuuliza. Mwaka 2014 alizungumza mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuhusu watoto katika vita. Nao wenzake waliotawanyika katika nchi mbalimbali hukumbuka Gatumba kila Agosti, na hudai haki itendeke.

Je, kukutana kwao kunasaidia nini? Kwanza, aliyepigwa risasi hujiona yuko peke yake. Mlango ukibamizwa anaruka, usiku halali, na majirani humwona amerogwa au amekuwa mkorofi. Akikaa na mwenzake yaliyemfika kama yake, hahitaji kueleza mengi. Pili, mmoja akilalamika huambiwa asahau, bali hamsini wakisema pamoja huandikiwa kumbukumbu. Tatu, wao ndio wanaojua gharama yenyewe: mguu uliokatwa, shamba lililokosa mlimaji, mtoto aliyeacha shule.

Wakubwa nao hawakukaa bure. Mwaka 2000 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitoa Azimio la Nairobi kuhusu silaha ndogondogo. Tarehe 21 Aprili, 2004, zikatia saini Itifaki ya Nairobi ya kuzidhibiti. Haikupita miezi minne, Gatumba ikateketea. Hii haina maana kwamba itifaki ni bure. Maana yake ni kwamba karatasi peke yake haimnyang'anyi mtu bunduki.

Tanzania inayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Serikali pia imewahi kutoa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari, kama ilivyofanya mwaka 2023. Lakini bunduki iliyofukiwa nyuma ya nyumba haijulikani na waziri. Inajulikana na mke, na kaka, na jirani. Hao huogopa, au huona haya kumtaja ndugu yao. Hapo ndipo sauti ya aliyenusurika inapohitajika. Akisimama kwenye mkutano wa kijiji akaonyesha kovu lake, atamgusa mwenye kuficha kuliko tangazo lililobandikwa ukutani.

Basi wenyeviti wa vijiji, masheikh na mapadri wawape watu hawa nafasi ya kukutana na kusema, bila kuwalazimisha, maana wapo ambao wakati wao bado. Wala wasiulizwe kwanza kabila wala kambi waliyotoka. Risasi haikuwauliza.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi haya tunayo, na wanaoyajua zaidi tunaishi nao. Tuwasikilize.