Bibi aje shuleni na hadithi zake

Wazee wa Kisukuma wanayo hadithi ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote wa nchi pamoja na mifugo yao. Alisalimika mwanamke mmoja tu, mjamzito, aliyejificha kwenye makapi ya nafaka. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Alipokua, kijana akamuuliza mama yake: watu wengine wako wapi? Alipoambiwa akalisaka zimwi, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wakiwa hai.

Wasimuliaji wenye haraka huishia hapo. Wanaoijua vizuri huendelea. Wakati wa kulipasua zimwi, kisu cha Masala kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwamo tumboni. Bibi akakasirika, akataka kumroga. Masala hakumpiga wala hakumfukuza. Alihangaika mpaka akapata dawa, akamtibu, akapona. Ndipo watu wakamfanya mtawala wao.

Kipande hicho ningependa kila mtoto wa Kanda ya Ziwa akisikie, tena kutoka kinywani mwa bibi mwenyewe. Kwa miongo mingi, katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Geita, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi kinachoitwa ushahidi ni macho yao mekundu. Macho hayo yameletwa na moshi. Mama amepika kwa kuni tangu utoto wake, na miti ilipoadimika akapikia kinyesi kikavu cha ng'ombe. Amelisha wanawe na wajukuu kwa moshi huo, na leo ndio unaomtia hatarini. Mtoto anayepita nje ya nyumba yake asubuhi akienda shule hajui hayo. Anajua alichonong'onezwa na wenzake, naye hukaza mwendo.

Zamani hofu hiyo ilikuwa na pa kutulizwa. Wasukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo wavulana waliketi na wazee wakisikiliza nasaba, vita, ng'ombe na habari za Ng'wanamalundi, ambaye husimuliwa kwamba alikausha miti kwa kuinyooshea kidole. Wasichana nao walikuwa na bibi zao. Ukifika Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, utaelezwa mengi ya maisha hayo. Lakini majumbani jioni imebadilika. Wazazi wengi wamehamia mjini, mtoto anarudi akiwa amechoka, anafanya kazi za nyumbani, analala. Saa zake nzuri, zile za akili iliyo macho, anazitumia darasani. Kwa hiyo mzee amfuate huko.

Nafasi ipo. Shule za msingi zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 unasisitiza umahiri kuliko kukariri. Kitabu kitamwambia mwanafunzi kwamba wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walijenga ushirika wao miaka ya 1950, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele. Mzee wa jirani anaweza kumweleza jinsi baba yake alivyopunjwa kwenye mizani ya mfanyabiashara, na kwa nini wakulima waliweka watu wao wenyewe wa kusimamia upimaji. Kitabu kitataja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Bibi atasema alibeba nini kichwani siku ya kuhama na aliacha nini. Tusikawie, maana aliyekuwa na miaka 20 tulipopata uhuru mwaka 1961 leo ameshavuka 80.

Namna ya kuwaita wazee ndiyo inayoniumiza. Shule nyingi humkumbuka mzee siku ya mahafali: anaketishwa chini ya turubai, anatambulishwa, anapigiwa makofi, anapewa soda, basi. Hapo hajasimulia kitu. Usimulizi unataka duara dogo la watoto kumi au kumi na watano, kivuli, kiti chenye egemeo, na mzee yuleyule kurudi mara kadhaa mpaka watoto wamzoee. Watoto nao waje na maswali yao. Masala aliuliza kwanza, ndipo akaokoa watu. Wawe huru kumuuliza bibi kwa nini macho yake ni mekundu, naye awajibu kwa mdomo wake.

Wapo watakaosema bibi huyo hajui Kiswahili vizuri. Asimulie kwa Kisukuma, wanafunzi wanaokijua wawatafsirie wenzao. Hilo peke yake ni zoezi zuri la lugha. Mwalimu anaweza kurekodi kwa simu, mzee akiridhia, ili darasa la mwakani lisikose. Na hadithi za kale zenye ajuza mla watu zisifichwe. Zisimuliwe, kisha zijadiliwe, mwalimu akiwapo.

Jambo moja lisisahauliwe. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa pensheni kila mkazi aliyefikisha miaka 70. Bara, wazee wengi waliokuwa wakulima hawana pensheni yoyote. Kumwita mtu wa namna hiyo bila nauli ya bodaboda na sahani ya chakula ni kumdhulumu. Kamati ya shule haishindwi na gharama hiyo.

Walimu wakuu, msingoje waraka. Ongeeni na mwenyekiti wa kijiji na familia za wazee, muulize nani yuko tayari kuja. Na katika nyumba zilizo jirani na shule, anzeni na ile ambayo watoto huikimbia.